Kioo Kilichozima Mbele ya Wakwe

Wiki iliyopita mliniacha nimeinama juu ya meza, bisibisi mkononi, nimeshinda. Kioo cha kompyuta yangu mpakato, kilichokuwa kikitetemeka kama mgonjwa wa malaria, kilikuwa kimetulia. Mjukuu wangu Cyiza alinisihi nikipeleke kwa fundi. Nikakataa. Nikafungua mwenyewe fremu ya kioo, nikauona ule waya bapa unaopita kwenye bawaba, nikaukandamiza mahali pake, nikafunga. Picha ikarudi safi.

Nilijisifu. Mlinisoma nikijisifu. Leo someni malipo yake.

Kwa anayeanza kunisoma leo: mimi ni Aloys Rutagengwa, mzee wa Gisenyi, Rwanda. Nilikulia Karagwe, Tanzania, ukimbizini. Kusoma nilijifunza ukubwani, madarasa ya jioni, baada ya kushinda nikibeba magunia ya kahawa. Kompyuta nimejifunza nikiwa na mvi, vilevile jioni, katika chumba cha parokia. Vijana wamezaliwa na kitu hiki mkononi. Mimi nilikifuata kwa miguu. Ndiyo maana sipendi kufundishwa na mtu niliyemfuta kamasi.

Mke wangu ni Mukagasana, aliyekulia Masisi, upande wa Kongo. Cyiza ni mtoto wa mwanetu marehemu. Tumemlea tangu hajaota meno. Sasa anataka kumwoa binti wa Kigali, Teta. Wakishaoana watahamia Dar es Salaam, ambako Cyiza amepata kazi ya kutoa mizigo bandarini.

Mimi ndiye umukwe mukuru, yaani msemaji wa upande wa bwana harusi. Kazi ya umukwe mukuru ni kumwombea kijana mke kwa maneno matamu mpaka apewe.

Hilo lisiwatoke akilini.

Kikao kilikuwa Jumamosi mchana. Kwa desturi tungekutana ana kwa ana. Lakini babu yake Teta, mzee Gatete, askari mstaafu aliyerudi kutoka Uganda, ana miguu mibovu, na kona za barabara ya kuja huku humtesa. Mimi ndiye niliyependekeza tukutane kwa kompyuta. Watu wakanisifu, mzee wa umri huu.

Cyiza aliomba asikilize akiwa ofisini kwake karibu na mpaka wa Kongo, maana mila haimruhusu kijana kukaa kwenye kikao cha kumwombea mke. Nikamruhusu. Alijiunga, akazima kamera na sauti yake. Kwenye kona ya kioo ikabaki herufi C ndani ya duara. Kitu kisichotikisika, ukikitazama sana, mwishowe hukioni tena.

Upande wa pili aliketi Karenzi, baba yake Teta, mwenye malori. Pembeni yake mzee Gatete, fimbo katikati ya magoti, macho nusu yamefumba. Tulizungumza Kinyarwanda cha sherehe. Mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

"Mukwe mukuru," Karenzi alisema, "kila tukipanda kilima tunakuta kingine. Mwezi uliopita mlisema mavuno ya viazi. Leo mnasema mjomba."

"Mjomba ni nguzo," nikajibu. "Rugwiro wa Goma ndiye mkubwa wa upande wa mama yake kijana. Asipokaa kitini, tarehe haipangwi. Ndege haruki kwa bawa moja."

"Na atavuka lini?"

"Siku Mungu atakapompa nguvu."

Karenzi akamtazama baba yake. Gatete alikuwa bado amefumba macho.

"Basi turuhusuni twende pembeni kidogo, tushauriane."

Kwenda pembeni ni mila yetu. Zamani wazee walitoka nje, wakasimama nyuma ya nyumba. Siku hizi Karenzi alibonyeza kitufe tu, sauti yao ikakatika, nikaona midomo inacheza bila neno. Mimi sauti yangu sikuizima. Anayeomba mke hafungi mlango wake wakati wenye binti wanashauriana. Husubiri wazi, mikono mapajani. Wengi siku hizi hawaijui adabu hiyo. Mimi naijua.

Jua la dirishani likawa linapiga kwenye kioo. Nikakisukuma nyuma kidogo.

Kikazima.

Giza tupu. Picha hakuna, sauti hakuna.

Mukagasana alikuwa nyuma yangu, anachambua maharage kwenye ungo.

"Iko nini?"

"Imekufa."

"Mashini yote?"

"Yote. Acha ipumzike. Kwanza imenisaidia."

"Imekusaidia na nini? Bale batu banangoja."

"Wangoje. Mtu akichoka kungoja huondoka mwenyewe."

Mkono wake ukasimama kwenye maharage.

"Muzee, mi nakuuliza kitu. Rugwiro hawezi kuvuka. Tangu alianguka, hata kwenda chooni wanamubeba."

"Najua."

"Unajua?"

"Ndiyo maana nimemtaja yeye."

"Na mavuno ya Cyanzarwe? Shamba tulikodisha batu. Sisi tuko na viazi gani?"

"Hata kimoja hatuna."

"Aloys."

Akiniita hivyo najua ameelewa. Nikageuza kiti nimtazame, mgongo wangu ukiwa kwa mashine iliyokufa.

"Sikiliza, Mukecuru, bibi yangu. Nikikataa mimi, Cyiza atanichukia mpaka siku ya kunizika. Wakikataa wao, atalia kidogo, atapona, atabaki hapa, atapata msichana wa hapa hapa Rubavu. Tutakuwa na mtu wa kutufungulia mlango tukiugua. Dar es Salaam naijua mimi. Tanzania ni kubwa, inameza watu."

"Ule binti ni muzuri."

"Ni mzuri sana. Angekuwa na kasoro ningeisema zamani, kazi ingekuwa rahisi."

"Na babu yake?"

"Gatete? Yule anasinzia kama kuku aliyenyeshewa. Hajui hata tunaomba nini. Nikivuta siku kidogo tena, Karenzi atapandwa na hasira, atavunja mwenyewe. Na mimi nitatikisa kichwa niseme, jamani, nilijitahidi."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Bon," alisema. "Mi pia sitaki aende. Lakini mi sikufanya kitu."

"Ndiyo sababu kuna mwanamume nyumbani."

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kisha akarudia maharage yake. Nami, kwa kuwa ukimya wake ulinichoma, nikataka kumwonyesha kwamba bado nyumba ina mtu mwenye akili.

"Lete tochi ya simu yako," nikasema.

"Ya nini? Si ulisema imekufa?"

"Nataka kujua imekufa kwa ugonjwa gani. Ngoja nikufundishe. Kioo kikizima, kuna mambo mawili. Labda mashine yenyewe imekufa. Labda ni taa ya nyuma ya kioo tu iliyokatika. Hapo picha ipo, lakini imekaa gizani, kama mtu ndani ya nyumba isiyo na umeme. Unamulika kwa ubavu, unatazama karibu. Ukiona kitu, mashine ni nzima."

Hayo nilifundishwa parokiani, na nilikuwa wa kwanza darasani kuyaelewa. Ningeanza na tochi kabla ya mdomo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Nikamulika.

Kwanza niliona vumbi. Kisha alama za vidole vyangu. Kisha, ndani kabisa, hafifu kama mchoro wa mkaa ukutani, nikaona bega. Nikasogeza tochi. Kola ya shati la Karenzi. Nikasogeza tena. Fimbo, na juu ya fimbo mikono, na juu ya mikono uso wa Gatete.

Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Hawakuwa wanashauriana. Midomo ilikuwa imefungwa. Walikuwa wamekaa wananitazama, mimi, mzee aliyekodoa macho na tochi mkononi.

"Unaona nini?" Mukagasana aliuliza, akiinama juu ya bega langu.

Tochi ilikuwa imefika kwenye kona ya chini, kwenye duara, kwenye herufi C.

Sauti yao ikarudi.

"Mukwe mukuru," Karenzi alisema polepole, safari hii kwa Kiswahili, Kiswahili cha watu wa malori, ili nijue kwamba hakuna neno lililompita. "Sisi tulimaliza kushauriana zamani. Tulikuwa tumekubali kumngoja mjomba."

Lakini mdomo wa msemaji ni mdomo wa msemaji.

"Bwana Karenzi, hayo mliyosikia ni utani wa sherehe. Mila mnaijua. Siku ya kuomba, ninyi mtakana kwamba mna binti, sisi tutasema hatumtaki, watu watacheka. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi."

"Umukwe mukuru lazima aujaribu ulimi wake."

"Na kuku aliyenyeshewa?"

"Ni utani pia."

Hakuna aliyecheka. Ndipo Gatete aliposema kwa mara ya kwanza mchana ule.

"Kesho, baada ya misa. Mtakuja kutuambia kama ni utani au si utani. Leo tusiongeze neno."

Wakaondoka. Duara la Cyiza halikuondoka papo hapo. Niliendelea kulimulika, nikitumaini atafungua sauti anitukane, nijue amesikia kiasi gani. Hakufungua. Likatoweka.

Jioni Cyiza hakuja kula. Nilimpigia, hakupokea. Mukagasana alimpigia, akapokea mara moja.

"Anasema atalala kwa rafiki yake."

"Amesema nini juu yangu?"

"Hajakutaja."

"Hata kidogo?"

"Muzee, hajakutaja."

Nikajishughulisha na kioo. Nilikikunja mbele, kikawaka kidogo. Nikakisukuma nyuma, kikazima. Mbele mwanga, nyuma giza. Hapo nikaujua ugonjwa, na nikamjua aliyeuleta. Siku ile nilipojisifu kwenu, ule waya bapa sikuukandamiza tu mahali pake. Niliubana kwenye bawaba. Kila nilipofungua na kufunga, niliukata zaidi kwa mkono wangu mwenyewe. Fundi yeyote angeuacha upite kwa ulegevu.

Nilikuwa bado nimeinama hapo simu ilipolia. Namba nisiyoijua.

"Kuku aliyenyeshewa anakusalimu," sauti ikasema.

Nikasimama wima, kana kwamba ananiona.

"Mzee Gatete. Naomba unisamehe—"

"Acha kuomba. Umeomba mwaka huu wote. Keti unisikilize. Yale uliyosema yamenifurahisha."

Nilidhani sikio langu bovu limenidanganya. Simu yangu huwa nimeiweka sauti kubwa kwa ajili ya sikio hilo. Nikaisogeza karibu zaidi.

"Yamekufurahisha?"

"Unafikiri kwa nini nafumba macho kila kikao? Nangoja mtu avunje. Nilikuona unavuta siku, nikasema, huyu mzee wa Gisenyi ni mvivu au ni mwenzangu? Leo nimejua ni mwenzangu."

"Sikuelewi, mzee wangu."

"Unanielewa kuliko mtu yeyote Rwanda hii. Teta ndiye anayenipeleka hospitali. Ndiye anayenisomea gazeti, ndiye anayenikata kucha za miguu. Karenzi mwanangu anaishi na malori. Msichana huyo akienda Dar es Salaam, nitabaki na mtumishi anayenisemesha kama mtoto mchanga. Baba, fungua mdomo. Baba, geuka. Mimi niliyeongoza askari."

Nilikuwa naona chumba chake kana kwamba nimo ndani yake.

"Kesho nitakuuliza mbele yao wote," akaendelea. "Yale maneno yalikuwa utani au kweli? Wewe utasema kweli. Neno moja tu, na si uongo, hata padri hawezi kukulaumu. Karenzi ana hasira za karibu, atainuka mezani. Mimi nitasikitika. Nitasikitika vizuri sana, utaona."

"Cyiza atajua ni mimi niliyevunja."

"Ameshajua. Hasara hiyo umeshaipata, bwana. Sasa utaipata bure, bila hata kubaki na kijana nyumbani?"

Wasomaji, hapo ndipo aliponishika. Mtu akikutukana unapata nguvu ya kumkatalia. Mtu akikuhesabia hasara yako kwa sauti ya upole, unasogea karibu.

"Nakusikia," nikasema.

"Unasikia au unakubali?"

"Nakusikia, ndugu yangu."

Akacheka kicheko kirefu, kikaishia kwenye kikohozi. "Umukwe mukuru wa kweli," akasema, akakata.

Nilipogeuka, Mukagasana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Aliniuliza kama nitakula maharage au nitakunywa uji. Nikasema maharage. Akapakua.

Mngependa niwaambie kwamba sikupata usingizi. Nililala vizuri. Niliota Cyiza anapaka rangi geti letu.

Asubuhi tulikuwa tumerudi kutoka misa, bado tuna nguo za kanisani, Cyiza aliposukuma geti. Alikuwa ameshika waya mweusi uliokunjwa. Alimkumbatia bibi yake, akakaa kifuani kwake muda mrefu. Kisha akanipa mkono.

"Mwaramutse, mukwe mukuru."

Tangu aanze kusema, mtoto huyo ameniita Sogokuru, yaani babu. Hata alipokuwa na hasira za ujana, hata siku niliyomchapa. Nilishika mkono wake, macho yangu yakakimbilia kompyuta.

"Kioo bado kimezima," nikasema. "Lakini nimepata njia. Tukikibana kwa mbele na kibanio cha nguo—"

"Usikiguse."

Aliichukua kompyuta, akaiweka chini ya televisheni. Akachomeka upande mmoja wa waya kwenye kompyuta, upande wa pili nyuma ya televisheni, akabonyeza. Televisheni yetu, iliyozoea mpira na kwaya, ikawa kioo changu: vijipicha vyangu vyote, na picha ya Cyiza na joho la kuhitimu, kubwa ukutani.

"Mashine ni nzima," alisema. "Kioo tu ndicho kimekatwa waya wake."

"Najua. Niliubana mimi."

Alinitazama kidogo. Nadhani hakutegemea nikiri. Lakini waya ni kitu rahisi kukiri.

"Ungeacha tu, Cyiza. Tungetumia simu."

"Jana nilisikia tu, simu ikiwa mfukoni. Leo nataka kuona nyuso zao. Na yako."

"Mtoto wangu—"

"Sema unachotaka kusema, mukwe mukuru. Teta amelia mpaka macho yamefunga. Mimi sitakuomba kitu."

Akavuta kiti, akakaa bega kwa bega nami. Kijana kukaa kwenye kikao cha kumwombea mke ni mwiko. Sikuwa na uso wa kumwambia ainuke. Mukagasana alikaa nyuma yetu, mahali pa wanawake.

Wakatokea.

Kwenye televisheni kichwa cha Gatete kilikuwa kikubwa kama beseni. Niliona kila kunyanzi. Karenzi alikuwa amevaa koti, kama mtu anayejiandaa kuondoka mapema. Na nyuma ya kiti cha mzee alisimama Teta mwenyewe, kitambaa kichwani, kope zimevimba, mkono wake umetua begani kwa babu yake. Gatete alikuwa ameufunika mkono huo kwa wa kwake, anaupapasa kwa kidole gumba, bila kujua kwamba anaupapasa.

Nilijiona. Hivyo ndivyo nimekuwa nikimshika Cyiza.

"Sina maneno mengi," Gatete alisema. "Mukwe mukuru, jana ulisema mambo. Nakuuliza mbele ya watu wa pande zote. Yalikuwa utani, au yalikuwa kweli?"

Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeshalipa na sasa anangoja mzigo wake.

Goti la Cyiza lilikuwa limegusa langu. Lilikuwa linatetemeka. Uso wake ulikuwa jiwe, lakini goti lilikuwa lile la mtoto niliyempeleka kuchomwa sindano, aliyekataa kulia mbele ya muuguzi.

"Yalikuwa utani," nikasema.

"Unasema?"

"Utani, mzee wangu. Ulimi ulikuwa unajinoa. Mjomba Rugwiro ni mgonjwa, hataweza kuvuka, tusimngoje. Tutampelekea picha. Na mavuno msiyangoje pia, sisi hatuna viazi. Tarehe tajeni ninyi, iwe karibu mnavyotaka."

Karenzi akapiga kofi pajani, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshushiwa gunia.

"Mazee," akasema, akifungua vifungo vya koti, "utaniua kabla ya harusi. Sasa huyu ndiye umukwe mukuru. Hana viazi, anatungojesha mavuno."

Teta alifunika mdomo wake kwa mkono wa pili. Gatete alibaki ananitazama kama mwizi aliyeibiwa na mwizi mwenzake.

Nilikuwa nimempoteza Cyiza kwa Dar es Salaam, na nilikuwa nimempata tena, yote kwa neno moja la uongo. Nikahisi mkono juu ya goti langu.

"Murakoze, Sogokuru," alisema kwa sauti ya chini. Asante, babu.

Ningeomba Mungu aufungie mchana hapo.

Nyuma yangu kiti kilikwaruza sakafu. Mukagasana alikivuta mpaka mbele, akakiweka kati yangu na televisheni, mbele ya jicho la kamera, akakaa. Katika ndoa yetu yote hajawahi kusema kabla ya wageni kuondoka.

"Bwana Karenzi, mi ndiye nyogokuru, bibi ya Cyiza. Unaniona muzuri?"

"Nakuona, mama. Karibu."

"Mukecuru," nikanong'ona, "imekwisha. Rudi ukae."

"Haijaisha." Hakunigeukia. "Huyu mutoto amesema asante juu ya uongo. Mi siwezi kumuacha aende nayo mupaka Dar es Salaam. Siku moja ataijua, na sisi tutakuwa tumekufa, atauliza nani? Bwana Karenzi, maneno ya jana haikukuwa utani. Yote ilikuwa kweli. Mi nilikuwa pale, nikanyamaza, kwa sababu na mi sikutaka aende."

Mkono wa Cyiza ukaondoka gotini mwangu.

Karenzi alikuwa bado na tabasamu, lakini lilikuwa limesahauliwa tu hapo usoni. "Mama," alisema, "unajua unachokisema?"

"Najua. Donc kama munataka kukasirika, mukasirike na batu bote, si huyu muzee peke yake. Leo aliteleza kwa uongo, lakini alitelezea upande wa mutoto. Uulize na baba yako, hapo pembeni yako. Umuulize jana jioni alipiga simu kwa nani, na aliomba nini."

Karenzi aligeuka kwenye kiti chake, polepole. Gatete hakumtazama mwanawe. Aliutafuta kwa vidole ule mkono uliokuwa begani mwake, akapapasa, akapapasa tena. Haukuwapo. Teta alikuwa ameshauondoa, na alikuwa amezunguka kiti, amechuchumaa mbele ya babu yake ili macho yao yakutane.

Miezi yote niliyomwombea msichana huyo, sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake.

"Sogokuru," alisema, "ulimpigia nani?"